Wewe dhehebu gani?

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya asaimenti na semina, halafu bumu nalo linakuja kwa mwendo wa kinyonga. Lakini tupo, tunamshukuru Mungu, tunadunda.

Leo nina jambo zito kidogo. Wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu. Kwanza dada mmoja aliyehamia chumba chetu pale hosteli, hata begi hajafungua: "Samahani, wewe dhehebu gani?" Pili kaka aliyekuwa anaandikisha watu kwa ajili ya mkesha. Tatu, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi, shangazi yangu kwa simu kutoka nyumbani. Yeye hakuniuliza niko dhehebu gani, anajua. Aliniuliza, "Sasa mama, huyo kijana ni Mkatoliki. Utahamia lini?"

Eh! Utahamia LINI. Siyo "je, utahamia?" Kwa shangazi hilo limeshapita, kilichobaki ni tarehe tu.

Kwa wale wageni hapa: mimi ni Mlutheri, mtoto wa mzee wa kanisa, nimezaliwa Machame. Mwenzangu ni Mkatoliki wa kule Peramiho, Songea. Desemba wazee wa pande mbili wanatarajia kukaa. Mahari wataelewana, wazee wanajua kupatana. Kinachonipa mawazo ni kanisa. Baba hataki kusikia. Upande wa pili nao wanaona ni kawaida tu, mwanamke anamfuata mume, basi. Sisi wawili tuko katikati kama nyama ya sambusa.

Sasa mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, ndiyo masomo nitakayofundisha. Nikikwama huwa narudi nyuma kuuliza: hivi jambo hili lilianzaje? Hebu tuanze na hapo.

Mtu wa Kilimanjaro ukimwambia unatoka Machame atakisia wewe Mlutheri. Ukisema Kibosho, atakisia Mkatoliki. Si lazima iwe hivyo, ila mara nyingi atapatia. Na kati ya Machame na Kibosho si safari ya kupanda basi, ni kuvuka mto tu. Kwa nini basi ng'ambo hii wanaimba Mwimbieni Bwana, na ng'ambo ile wanasali rozari? Je, babu zetu walikaa chini wakasoma Luther na Papa, wakapima hoja, wakachagua? Wapi! Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakajenga Kilema na Kibosho. Mwaka 1893 wakaja wamisionari wa Leipzig, Walutheri, wakaanzia Machame. Mzee wa mtaa aliyempokea mgeni ndiye aliyeamua, bila kujua, vitukuu wake wataimba kutoka kitabu gani.

Na kuna jambo moja lililonichekesha nilipolikuta maktaba. Kabla ya Leipzig, pale Moshi walikuwepo Waanglikana wa CMS tangu mwaka 1885. Mwaka 1892 wakalazimika kuondoka, kwa sababu utawala wa Kijerumani haukuwataka Waingereza pale. Kwa hiyo siasa za Wazungu zingeenda upande mwingine, leo huenda baba yangu angekuwa mzee wa kanisa Anglikana, na angekuwa mkali vilevile! Hehehe. Baba asije akasoma hapa.

Ukitazama nchi nzima utaona mambo hayohayo. Masasi, Waanglikana wa UMCA walifika mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Peramiho, Wabenediktini walianza mwaka 1898. Rungwe wapo Wamoravian tangu 1891. Upareni wapo Wasabato tangu 1903. Wengi wetu hatukuchagua, tulipokea.

Rafiki yangu mmoja wa kozi ya Sosholojia akisikia hivi anasema, "Umeona? Dini ni ajali ya kuzaliwa, achana nayo." Mimi sikubali. Hata Kiswahili sikukichagua, nilikipokea. Je, kwa kuwa sikukichagua kimekuwa cha uongo? Ninachojifunza ni kwamba nikipokea kitu sina haki ya kujisifu nacho, nina wajibu wa kushukuru tu. Na ukishukuru kwa cha kwako, ni rahisi kuona jirani naye kapewa nini.

Sasa niwaambie kuhusu mama yangu. Mama alizaliwa Mkatoliki, ng'ambo ile ya mto. Alipoolewa na baba akahamia Ulutheri, kama shangazi anavyotaka mimi nifanye upande wa pili. Hakulalamika hata siku moja. Anaimba kwaya ya kina mama, anafundisha Shule ya Jumapili, kitabu cha nyimbo amekishika kichwani. Lakini tangu nikiwa mdogo nilikuwa namwona, kukiwa na radi kubwa, mkono wake unakwenda kwenye paji la uso, kifuani, bega hili, bega lile. Haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Baba anajifanya hajaona.

Mwaka 2019 bibi mzaa mama alifariki. Misa ya mazishi ilikuwa kubwa, watu wamejaa hadi kwenye migomba. Ukafika wakati wa kukomunika. Wajomba wakanyanyuka, mama wadogo wakanyanyuka, wakapanga mstari. Mama yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyemuuguza bibi miezi minne, akabaki kwenye benchi. Nilikuwa pembeni yake. Hakulia. Alishika kitambaa chake tu akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena, mpaka wote wakarudi kukaa.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Hakuna aliyemfukuza mama. Padri alikuwa mtu mpole, alikuja baadaye akamshika mkono, akampa pole kwa jina lake. Kwa Wakatoliki, kukomunika pamoja ni alama ya kuwa na imani moja na kanisa moja kamili, na ukitoa alama pale ambapo kitu chenyewe hakijakamilika, unasema jambo ambalo bado si kweli. Nimeusoma utaratibu huo, naona mantiki yake. Mama mwenyewe alikuwa anaujua kuliko mimi, ndiyo maana hakunyanyuka. Lakini kuelewa mantiki hakuondoi ile picha ya kitambaa kichwani mwangu. Ndiyo maana shangazi akiniuliza "utahamia lini", mimi nafikiria mazishi ya nani nitakaa kwenye benchi. Ya baba?

Basi nikaingia maktaba kutafuta kama kuna watu waliowahi kuumizwa kichwa na jambo hili hapa kwetu Afrika Mashariki. Nikakutana na mkutano wa Kikuyu, Kenya, wa mwaka 1913. Wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, wa Africa Inland Mission na wengine walikutana kuangalia namna ya kushirikiana, maana walikuwa wanawachanganya watu kwa utengano wao. Mwishoni wakafanya ibada ya Chakula cha Bwana pamoja, katika kanisa la misheni ya Waskochi. Askofu Peel wa Mombasa ndiye aliyeongoza, na wasio Waanglikana wakashiriki.

Wee! Habari zikamfikia Frank Weston, askofu wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzao lakini wa ule mrengo ulio karibu na Ukatoliki. Akawashtaki maaskofu wenzake wawili, wa Mombasa na wa Uganda, kwa uzushi. Kesi ikafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Uingereza nzima ikawa inabishana magazetini kuhusu ibada moja iliyofanyika kijijini Kikuyu. Jibu lilipotoka mwaka 1915 lilikuwa la kupapasapapasa, hadi watani wakasema maana yake ni kwamba ibada ile ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe tena. Hapo nilicheka peke yangu maktaba, mlinzi akaniangalia.

Ni rahisi kumwona Weston kama mkorofi. Lakini ukimsoma zaidi unakuta ni mtu aliyewapenda sana watu wake wa huku. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi bara. Na katika hotuba yake ya mwaka 1923 huko London aliwabana waliokuwa wanaheshimu sana Ekaristi: huwezi kumwabudu Yesu altareni ukampita Yesu aliyevaa matambara mtaani. Kwake meza ya Bwana ilikuwa kitu cha thamani mno, hakutaka ichezewe. Peel naye hakuwa anacheza. Aliona Wakristo wa Kiafrika wanagawanywa kwa ugomvi ambao haukuanzia kwao. Wote wawili walikuwa wanalinda kitu cha kweli. Mwaka 1920, maaskofu wa Anglikana walipokutana Lambeth wakatoa wito kwa Wakristo wote kutafuta umoja, Weston naye alikuwa miongoni mwa waliouunga mkono.

Na Kikuyu haikuishia kwenye kesi. Wamisionari wa Kiprotestanti waliendelea kushirikiana, na ushirikiano wao ndio uliozaa shule ya Alliance, iliyofunguliwa pale Kikuyu mwaka 1926. Jina lenyewe linatokana na muungano ule. Walioshindwa kukubaliana juu ya meza waliweza kukubaliana juu ya ubao na chaki. Mimi kama mwalimu mtarajiwa hilo limenifurahisha.

Tena hapo kwenye ualimu ngoja niwape stori ya TP. Nilipangiwa sekondari moja ya kata, mbali na mjini. Ijumaa kuna kipindi cha dini. Wakatoliki wana katekista wao, Waprotestanti wana mchungaji, Waislamu wana ustadhi, kila kundi na darasa lake. Ijumaa moja katekista hakuja na mchungaji hakuja. Mwalimu wa zamu akaniambia, "Madam, kaa na Wakristo wote, wasipige kelele." Nikajikuta na vijana kama themanini darasa moja, Wakatoliki kulia, wengine kushoto, kama timu mbili zinasubiri filimbi.

Sikuwa na somo. Nikawaambia, leo hatubishani. Kila mmoja afikirie kitu kimoja cha kanisani kwao ambacho angekikosa sana kama angeambiwa ahame. Kimoja tu. Mwanzoni wakacheka cheka. Baadaye, jamani, nilisikia mambo ambayo sijayasikia kwenye lekcha yoyote.

Binti Mkatoliki alisema angekosa siku ya tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, wanapokwenda makaburini kusali kwa ajili ya babu yake. Alisema kanisani kwao aliyekufa hasahauliki, kila mwaka anaitwa. Mvulana Msabato alisema angekosa Ijumaa jioni. Chakula kimeshapikwa, nyumba imefagiliwa, jua linapozama wanaimba wote, na baba yake ambaye wiki nzima yuko sokoni siku hiyo yupo, hana pa kwenda. Mlutheri mmoja alisema kwaya, hasa sauti ya besi (huyo alikuwa na besi kweli, kioo kinatikisika). Kijana wa Kipentekoste alisema angekosa maombi ya watu wote kwa sauti, kwa sababu kwao mtu akiwa na shida hawezi kujificha, watamzunguka wamwombee. Mtoto wa Moravian alisema mama yake husoma neno la siku kila asubuhi kabla ya chai, na akijua kwamba watu wa nchi nyingine nao wanasoma neno hilohilo siku hiyo, anajisikia hayuko peke yake.

Kulikuwa na binti mmoja kimya, mwisho kabisa. Akasema, "Mimi madam, nilibatizwa kwa bibi Mkatoliki, sasa naishi kwa mama mkubwa Mlokole. Nakosa vyote, na ninavyo vyote." Darasa likanyamaza. Mwanangu yule, sijui yuko wapi sasa.

Niliporudi chuoni nikaanza kufuatilia kila walichosema, kimetoka wapi. Na nikaona kwamba kila kanisa limetunza kitu ambacho mengine yangeweza kukipoteza.

Hilo neno la siku la Wamoravian limechapishwa kwa kila mwaka tangu 1731, lilianzia kijiji cha Herrnhut, Ujerumani. Na ninyi wenzangu wa Elimu mnaomsoma Comenius kama mmoja wa baba wa elimu ya kisasa, mnajua alikuwa nani? Askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian wanalihesabu kuwa mzizi wao. Mkimbizi wa vita vya dini, aliyefukuzwa kwao, akaandika mwaka 1658 kitabu cha picha cha kufundishia watoto. Tunamkariri kwa ajili ya UE na kumbe ni ndugu wa yule mama wa Rungwe mwenye neno la siku.

Wapentekoste mnawasema kwa kelele. Uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906, uliongozwa na William Seymour, mtu mweusi, mtoto wa waliokuwa watumwa. Weusi na weupe walisali pamoja katika nchi iliyokuwa inawatenga hata kwenye mabehewa ya treni. Na kwetu huku, Walokole wa miaka ya 1930, uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda ukaingia Kagera, uliwakusanya Waanglikana na Walutheri waliokuwa wakitubu mbele ya wenzao bila kujali padri wa nani au mchungaji wa nani. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alitoka katika uamsho huo, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani.

Waanglikana? Sisi wa Kiswahili tuna deni kwao. Askofu Edward Steere alijenga kanisa kuu la Zanzibar pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, na huku akajenga akiandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Kabla yake alikuwepo Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Huyu alikuwa Mlutheri wa Ujerumani, aliyesomea Basel, Uswisi, akatumwa na chama cha Waanglikana. Sasa huyo utamwandika dhehebu gani kwenye daftari la mkesha? Na Biblia ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tunaishika mpaka leo imetokana na kuunganisha tafsiri ya Unguja na ya Mombasa. Yaani hata Biblia tunayotupiana mistari kwa kubishana ni matunda ya watu waliokubali kukaa meza moja.

Kuna sehemu moja hapa jirani ambayo ndiyo inayonimaliza kabisa: Namugongo, Uganda. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliua vijana Wakristo. Wanaokumbukwa kwa majina ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto pale Namugongo, wa kanisa hili na wa kanisa lile. Hawa walikuwa na wamisionari waliokuwa wanabishana vikali pale ikulu kwa Kabaka, kila mmoja akisema mwenzake ni mpotoshaji. Lakini vijana walifungwa pamoja wakafa pamoja. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale Wakatoliki, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pia wale Waanglikana kwamba nao walikufa kwa ajili ya jina la Kristo. Leo ukienda Namugongo kuna mahali patakatifu pawili, pa Wakatoliki na pa Waanglikana, na kila Juni mahujaji wanakuja, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania.

Mimi nawaza hivi: kama damu yao haikuweza kutenganishwa, hiki tunachokililia sisi ni nini?

Lakini pia sitaki kuwa mtu wa "makanisa yote ni sawa tu bwana". Si sawa. Kubatiza watoto wachanga au kusubiri wakue, nafasi ya Bikira Maria, mamlaka ya Papa, wanawake kuwa wachungaji, hayo ni mambo mazito na watu wenye akili wametofautiana kwa uaminifu. Na siku hizi kuna wauza maji na mafuta wanaojiita watumishi, hao siwaweki kwenye orodha ya mapokeo ya kushukuru, samahani. Kuthamini cha mwenzako siyo kukichota chochote unachokiona. Ni kukaa karibu vya kutosha ukajua anapenda nini na kwa nini, kabla hujamwambia unapokataa.

Na mambo yanasogea, polepole. Tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walisaini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa neema kwa imani, jambo lilelile lililowagawa enzi za Luther. Mwaka 2016 Papa Fransisko alikwenda Lund, Sweden, kusali na Walutheri. Mwaka 2025 ilitimia miaka 1700 tangu Mtaguso wa Nisea, na mwaka huohuo Pasaka ya Waorthodoksi na yetu ikaangukia siku moja, tarehe 20 Aprili. Imani ya Nisea ni ya baba yangu na ni ya baba yake mwenzangu. Hawajui tu kwamba wana kitu hicho pamoja.

Turudi Desemba basi. Nimefanya utafiti wangu, mambo ya mseto haya. Ubatizo wangu wa Kilutheri Wakatoliki wanautambua, sibatizwi tena. Ndoa ya Mkatoliki na Mkristo wa kanisa lingine inawezekana kwa ruhusa ya askofu, bila mimi kuhama. Mengi ya wanayoyasema watu mitaani kwamba "haiwezekani" yanawezekana. Kabla wazee hawajakaa, tumekubaliana na mwenzangu tutakwenda wawili, kwanza kwa mchungaji wangu, halafu kwa paroko wake, tuulize kila kitu mbele ya wote wawili.

Ila kuna mfupa. Katika ndoa hiyo upande wa Kikatoliki anaahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Wakatoliki, na mimi natakiwa niijue ahadi hiyo. Hapo bado tumekwama. Mwenzangu anaichukulia kwa uzito, na ningemdharau kama asingeichukulia hivyo. Mimi nami nina kitabu cha nyimbo cha mama, na nataka mtoto wangu aimbe kutoka humo. Tumezungumza usiku mzima pale kwenye viti vya kafeteria, hakuna aliyemshinda mwenzake, hakuna aliyekasirika. Tumeahirisha kikao, kama Bunge.

Jumapili nilimpigia mama nikamuuliza moja kwa moja: wewe ulipohama, ulijutia? Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku kwa nyuma. Akasema, "Mwanangu, mimi nilihama nyumba, sikumhama Yesu. Lakini nilihama bila kuuliza kitu. Wewe uliza." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo shangazi, kama unasoma hapa (binamu yangu najua unamsomea, usikatae), jibu langu ni kwamba sina tarehe. Nina maswali, na nitayauliza kwa heshima kwa kila anayehusika, na nikikaa au nikihama nitajua ninachokiacha kina thamani gani.

Wandugu mlio kwenye nyumba za mchanganyiko, mliolelewa na baba kanisa hili na mama kanisa lile, naomba mniambie mlilelewaje, mliumia wapi, mlifaidi wapi. Hasa hapo kwenye mambo ya watoto. Msinihurumie, semeni ukweli.

Mimi naenda kulala, kesho saa moja nina semina ya Saikolojia ya Elimu na sijasoma hata ukurasa. Mungu awabariki, kila mtu na kanisani kwake.